Dainamo ya Mzee Wani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapowasikia nyinyi vijana mkisema "iko sawa" kabla mtu hajamaliza kuuliza. Ilikuwa hapa Juba, miaka ya sabini, mvua za kwanza zikiwa karibu, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye vidole vyembamba na mdomo usiotulia. Vidole vilinipa kazi. Mdomo ulinipa mengine yote. Keti hapo, weka simu hiyo chini, nikueleze vizuri, maana sipendi kurudia.

Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda mwaka mmoja na nusu tu uliotangulia. Kule ukimbizini nililelewa na mjomba wangu Yakobo, ndugu yake mama, kwa sababu mama alifariki nikiwa mdogo. Mjomba alikuwa fundi wa umeme wa magari. Wenzangu walipokuwa wakifundishwa kushona, mimi nilifundishwa kusuka upya nyaya za shaba za dainamo, kwa kuwa vidole vya mjomba vilikuwa vinene, na ile kazi inataka mkono mdogo na moyo wa subira. Mkono nilikuwa nao. Usinitazame hivyo. Ndiyo, mimi huyu unayeniona na fimbo nilikuwa fundi wa gereji, na nguo zangu zote zilinuka petroli.

Kama hujui dainamo, si kosa lako, siku hizi magari yana kitu kingine. Dainamo ni kile chombo cha magari ya zamani kilichozungushwa na mkanda wa injini kikatoa umeme wa kurudisha chaji kwenye betri. Ikifa, gari linakula betri tu, linakula, linakula, mpaka linazimika popote lilipo. Hayo tu ukiyashika utanielewa.

Gereji yetu ilikuwa mtaa wa Kator, kengele za kanisa kuu tukizisikia vizuri. Mabati juu, nguzo sita, na meza ya kazi iliyokuwa mlango mzito wa zamani tuliouokota na kuulaza juu ya mapipa mawili. Juu yake palikuwa na jiriwa ya kubania vyuma, betri moja, na balbu moja yenye nyaya mbili. Hiyo balbu ndiyo ilikuwa mashine yetu yote ya kupimia.

Mjomba alikuwa na amri mbili tu. Ya kwanza: kabla hujalegeza nati yoyote, nenda kwenye betri, uangalie ni kichwa kipi kimefungwa kwenye bodi ya gari, chanya au hasi, uje umwambie kwa sauti. Ya pili: fundi aliyetengeneza gari hupanda safari yake ya kwanza ya mbali, akae mbele pembeni ya dereva. Watu walimcheka kwa hiyo ya pili. Yeye alisema fundi akijua kwamba atakuwa ndani, nati zitakazwa.

Sasa mwenye gari. Mzee Wani alikuwa katekista, mtu mpole sana, wa kuongea taratibu mpaka unataka kumsaidia neno. Naye alitoka Uganda, ila alitangulia peke yake ili ajenge nyumba huku Juba, mtaa wa Nyakuron, na mkewe, Mama Roda, akabaki kambini kwa miaka miwili. Mama Roda alikuwa na nyonga mbovu. Kupanda lori la mizigo mpaka Juba hakuweza, angekufa njiani kwa maumivu. Basi mzee alijenga, akaezeka, akajinyima, akanunua kigari kidogo cha Kiingereza, cha zamani, kutoka kwa mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Kisha akatuma ujumbe: Ijumaa nitakuwa Kaya, pale mpakani, watu wakulete hadi hapo, mimi nitakuchukua.

Na haikuwa Ijumaa yoyote tu. Wakati ule mvua kubwa ikishaanza, barabara ya Yei, ile ya kwenda Kaya, inageuka uji, malori yanakwama wiki nzima, kigari kama kile hakithubutu. Akiikosa wiki ile, angemsubiri mkewe mpaka kiangazi kingine. Na Mama Roda alikuwa ameshaagana na jirani zake na kuwapa watu wengine kibanda chake, kwa hiyo hakuwa na pa kurudi.

Jumatano mzee akaleta gari gereji. Ile taa nyekundu kwenye dashibodi, ambayo inapaswa kuzimika injini ikishika mwendo, ilikuwa haizimiki. Maana yake dainamo haichaji. Mjomba hakuwepo, alikuwa ameenda Terekeka kulishughulikia lori la watu lililokwama, angerudi Alhamisi jioni. Nilikuwa peke yangu na mzee, na ng'ambo ya njia walikuwapo mafundi wengine, wale ambao hawakukimbia, waliobaki Juba miaka yote ya vita. Walituita "watu wa Uganda" na kusema tumerudi na maringo. Labda walisema kweli.

Mmoja wao, jina lake Gore, akavuka njia na kusimama na mikono kiunoni. "Mzee, bineya huyu ndiye atafungua dainamo?" akasema, yaani msichana huyu. "Wewe ngoja mwenyewe arudi."

Wee! Damu ikanichemka. Nikachukua spana, nikafungua boneti, na nati ya kwanza nilikuwa nimeshailegeza kabla Gore hajafunga mdomo. Betri sikuiangalia. Mzee Wani akanisogelea polepole, akaniambia, "Binti yangu, yule mwalimu aliyeniuzia alinionya kitu. Alisema nyaya za gari hili zimefungwa kinyume na magari mengine. Mimi sielewi maana yake, nakuambia tu nilivyoambiwa."

Unajua nilimjibu nini? "Waya ni waya, mzee. Kaa kivulini." Mtu wa umri wa baba yangu. Akaenda, akakaa kivulini.

Nikueleze alichokuwa ananiambia, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibika. Magari mengi yanafunga hasi ya betri kwenye bodi. Lakini yako magari ya Kiingereza ya zamani yaliyofunga chanya kwenye bodi. Kule Uganda nilikuwa nimegusa yale ya kwanza tu, kwa hiyo mkono wangu ulijua njia moja. Ningetupa jicho tu ningeona, waya wenyewe ulikuwa mnene kama kidole gumba, umefungwa wazi mbele yangu. Sikutupa jicho kwa sababu nilikuwa nimemkazia macho Gore.

Nikaitoa dainamo, nikaibana kwenye jiriwa. Kazi yenyewe niliifanya vizuri, hilo siwezi kujinyima. Zile kaboni mbili zinazosugua shaba zilikuwa zimelika, nikachonga nyingine kwa tupa mpaka zikakaa sawasawa. Shaba nikaisugua kwa msasa laini, nikaosha kila kitu kwa petroli, nikafunga. Wakati huo watu walikuwa wameongezeka, maana msichana mwenye spana alikuwa sinema ya bure.

Jaribio la mezani liko hivi: unaipa dainamo umeme wa betri, na kama ni nzima inazunguka yenyewe. Nikafunga hasi kwenye mwili wake, kama nilivyozoea, nikagusisha chanya kwenye vichwa vyake. Ikanguruma. Ikazunguka laini kabisa. Watu wakapiga makofi, na Gore mwenyewe akasema, "Kweis, kweis," kazi nzuri. Nilijisikia mrefu kuliko nguzo za gereji.

Lakini ubaya wa dainamo ni huu, mwanangu. Ukiipa umeme kwa njia sahihi inazunguka, na ukiipa kinyume inazunguka vilevile, upande uleule, kwa sauti ileile. Haikuambii kitu. Ila kile chuma cha ndani kinashika ulichokipa mara ya mwisho, na ukiirudisha kwenye gari itatoa umeme kwa njia ile uliyoifundisha pale mezani. Mimi niliifundisha kinyume.

Alhamisi asubuhi nikairudisha mahali pake, nikakaza mkanda, mzee akakaa kwenye usukani. Makofi ya jana yalikuwa yameleta watu wengi zaidi. Nikazungusha hendeli, injini ikashika. Taa nyekundu, ikiwa mambo ni mazuri, inafifia taratibu mpaka inapotea. Ile haikufifia. Iliwaka kwa nguvu, ikawa nyeupe kwa nusu ya pumzi, kisha pap, ikazimika.

"Imezimika!" watu wakasema, na makofi tena.

Niliiona, mwanangu. Sikujua ni nini, lakini nilijua taa haizimiki hivyo. Ile balbu ilikuwa imeungua, maskini, kwa sababu umeme wa betri na wa dainamo uliijia pamoja badala ya kupingana. Tumbo likaniambia zima injini, anza upya, angalia. Nikawatazama watu, nikamtazama Gore, nikafungua kinywa changu nikasema, "Kalas, mzee, imekwisha. Iko sawa."

Mzee Wani aliitazama dashibodi kidogo, akanitazama mimi, akawatazama watu. Kisha akanishukuru, akaiombea mikono yangu baraka, akaondoka taratibu kwenda Nyakuron kupakia.

Jioni mjomba akarudi amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ananawa miguu aliponiuliza kama nimeijaribu dainamo. Nikasema nimeijaribu, ilizunguka. Akauliza taa. Nikasema imezimika. Hapo sikusema uongo hata neno moja, na bado nilikuwa ninamdanganya. Akasema basi, kesho unapanda na mzee, unaijua amri.

Ijumaa alfajiri nikapanda. Mzee Wani alikuwa amevaa koti lake jeusi la arusi, na kiti cha nyuma alikuwa amekitandika godoro lililokunjwa, mto, na blanketi jipya, ili nyonga ya mkewe isiumie. Njia nzima alinihadithia habari za Mama Roda. Alivyokuwa akiimba kwaya kabla ya vita. Alivyombeba mtoto wao mgongoni siku walipokimbia, na mtoto hakufika. Alinionyesha ufunguo wa nyumba mpya, aliokuwa ameufunga kwenye leso. "Ataufungua yeye mwenyewe mlango," akasema. Mimi nilikuwa nasikia harufu ya kitu kilichoungua inayotoka chini ya boneti, hafifu tu, na nilikuwa naitikia, "Ndiyo, Baba. Ndiyo, Baba."

Tulipopita Lainya, jua likiwa bado halijafika utosini, gari likaanza kukohoa. Likakohoa mara tatu, likazimika katikati ya barabara, kimya.

Nikafungua boneti. Safari hii nilikwenda kwenye betri kwanza. Chanya ilikuwa imefungwa kwenye bodi. Nikafungua kile kisanduku kidogo kinachodhibiti chaji, na ndani midomo yake ya chuma ilikuwa imeungua nyeusi. Ilikuwa imeungua tangu jana, mzee alipotoka tu gereji. Gari lilikuwa linakula betri tangu Juba, na sasa betri ilikuwa tupu. Nikaketi chini pembeni ya gurudumu, nikalia. Sitakuficha.

Nikamwambia yote. Kwamba sikuangalia betri, kwamba nilimpuuza aliponionya, kwamba niliiona taa ikiwaka vibaya na nikanyamaza. Nilitegemea atanitukana, na ningeshukuru. Mzee Wani akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka ndani. Akasema, "Mimi pia niliiona."

Sikuelewa. Akarudia. "Ile taa. Niliiona ilivyowaka. Nilijua si kawaida yake, nimelipanda gari hili miezi mitano."

"Kwa nini hukusema, Baba?"

"Ulikuwa unapigiwa makofi, mwanangu. Niliona haya kukuaibisha mbele ya watu."

Nilikasirika, na nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Nilimkasirikia yeye kwa upole wake, nikajikasirikia mimi kwa maringo yangu, na upande wa kusini wingu lilikuwa linapanda, jeusi, kule kule Kaya. Mama Roda alikuwa ameshashushwa mpakani asubuhi ile. Tulijua sote wawili, hatukuhitaji kusema. Nikafuta uso kwa mkono wenye oili, nikasimama. Nikajiambia, Keji, gari hili litafika leo au kesho, lakini litafika, hata kama utalisukuma kwa kichwa.

Nikaifungua ile midomo iliyoungua. Nilikuwa na kipande cha msasa mfukoni na wembe mmoja. Nikakwangua. Nilikwangua mpaka vidole vikatoka damu, nikapuliza, nikaangalia juani, nikakwangua tena, mpaka chuma cheupe kikaonekana. Ulimi mmoja ulikuwa umepinda kwa moto, nikaunyoosha polepole sana kwa koleo, maana ungekatika pale tungekuwa tumekwisha. Nyaya mbili zilizoungua nikazibadilisha kwa nyaya nilizozitoa kwenye taa za nyuma. Mzee alinishikia boneti muda wote huo, amesimama, hakukaa hata mara moja.

Kisha dainamo. Kuifundisha upya ni kitendo cha kufumba na kufumbua: unachukua waya kutoka kile kichwa cha betri kisichofungwa kwenye bodi, unaugusisha kwenye kichwa kidogo cha dainamo, unaona cheche moja, unauondoa. Basi. Makofi ya siku mbili, na dawa yake ilikuwa cheche moja ambayo ningeitoa pale Kator kwa sekunde moja, kama ningesema tu "ngojeni".

Lakini betri ilikuwa tupu, haikuweza kutoa hata cheche hiyo, wala injini haikuweza kushika. Tukangoja. Baadaye likaja lori la kahawa kutoka Yei, dereva wake mtu mwema, akakubali tuchukue umeme kwenye betri yake. Akataka kulisogeza lori mpaka liguse kigari chetu, nyaya zifike. Nikamsimamisha kwa mikono miwili. Nikaenda kwenye betri yake kwanza. Hasi kwenye bodi. Yetu chanya kwenye bodi. Vyuma vile viwili vikigusana nyaya zikiwa zimeunganishwa, betri zote mbili zinaungua. Nikamwambia kwa sauti, neno kwa neno, kama mjomba alivyotaka, kisha nikamwomba asimamishe mbali hatua moja, tukaunganisha kwa nyaya mbili ndefu, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nikaipa dainamo cheche yake. Mzee akazungusha hendeli mara nne. Ya nne injini ikanguruma.

Balbu ya dashibodi ilikuwa imekufa, kwa hiyo nikaifunga balbu nyingine niliyoitoa kwenye taa za nyuma. Ikawaka. Injini ikapanda. Ikafifia, taratibu, ikapotea. Sikushangilia, nilikaa tu nikaikodolea macho mpaka nikatosheka.

Lakini siku ilikuwa imekwenda. Mbele ya Yei tukakuta mvua imeshanyesha, kijito kimejaa mpaka kwenye kingo, hakuna gari linalopita. Tukalala pale ndani ya gari, mzee mbele, mimi nyuma kwenye godoro la Mama Roda, na sidhani kama kuna aliyelala kweli. Kulipopambazuka maji yalikuwa yameshuka, tukavuka.

Tulifika Kaya Jumamosi, jua likiwa juu. Mama Roda alikuwa ameketi juu ya furushi lake pembeni ya barabara, fimbo magotini, nguo zimemgandia mwilini. Mwenye duka la karibu alituambia alimwita ndani usiku kucha, akakataa. Alisema akiingia ndani mume wake atapita asimwone. Alinyeshewa kuanzia Ijumaa jioni mpaka alfajiri, akiwa ameketi vilevile.

Mzee Wani alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya arusi. Mkewe akamwekea mkono kichwani, mkono unaotetemeka kwa homa, akamwuliza jambo moja tu, kimekuchelewesha nini. Na mzee, Mungu amrehemu, hakumficha. Akamweleza habari ya dainamo, habari ya taa, yote. Mama Roda akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama.

"Wewe uliiona?"

"Niliiona."

Akanigeukia mimi. "Na wewe binti, uliiona?"

"Niliiona, Mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo mimi nimenyeshewa na adabu zenu," akasema. "Mmoja aliona haya, mwingine aliona sifa. Na maji yote yakanijia mimi."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniingia mpaka kwenye mfupa. Tulimlaza kwenye godoro, tukamfunika lile blanketi jipya, tukageuza gari. Tuliingia Juba Jumapili, watu wakitoka kanisani. Jumatatu mvua ilianza kweli, na barabara ile haikupitika tena kwa miezi. Tuliwahi kwa siku moja.

Mlango hakuufungua yeye. Mzee alimbeba ndani akiwa hajitambui kwa homa, na wiki tatu zilizofuata sote tulifikiri amejenga nyumba ya kumzikia mkewe. Nilikwenda Nyakuron kila asubuhi. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimpikia uji, nikarudi gereji mchana. Mjomba hakunipiga wala hakunifukuza. Alifanya kibaya zaidi. Aliwaita wale wote waliopiga makofi, Gore akiwa mbele, akanisimamisha pembeni ya meza ya kazi, akasema, waeleze. Nikawaeleza, kuanzia nati ya kwanza mpaka matope ya Kaya. Sikuruka kitu. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Gore akaja karibu na kuniomba nimwonyeshe tena ile habari ya kuangalia betri, kwa sababu naye, alisema kwa sauti ndogo, alikuwa ameshaunguza dainamo mbili na hakujua kwa nini.

Wiki ya nne nilipofika Nyakuron nilimkuta Mama Roda ameketi mlangoni. Amekonda, lakini ameketi. Nikampa uji. Akaonja, akakiweka kikombe chini.

"Uji wako unanuka moshi," akasema.

"Leo, Mama?"

"Siku zote. Nilikuwa mgonjwa, sikuwa na nguvu ya kukuambia. Sasa ninazo."

Nilitaka kununa, nikashindwa, nikacheka mpaka machozi. Naye akacheka, akishika mbavu. Akanivuta mkono nikakaa chini karibu naye, akaniambia, "Keji, mimi na wewe tutapendana sana, lakini hatutaoneana haya." Aliishi miaka kumi na zaidi baada ya siku ile, na hakuna chakula changu, wala mchumba wangu, wala kosa langu alilolipita kimya. Alikuwa mama niliyempata ukubwani, na nilimpata kwa kosa.

Sasa nisikilize, maana hiki ndicho nilichokuitia. Unapopewa kitu cha mtu mkononi, uliza kwanza kilikotoka na kimezoea nini, kabla hujakitia nguvu zako. Anayekupa habari yake asiyoielewa mwenyewe, msikilize hivyohivyo, usimpeleke kivulini. Na jicho lako likiona kitu hakiko sawa, sema papo hapo, mkono ukiwa bado juu ya kazi, hata kama watu mia wanakupigia makofi. Aibu ya pale ingekuwa ya dakika moja. Mimi nilikataa dakika moja, mama wa watu akanyeshewa usiku mzima.

Na lingine, la watu wazima, lakini ulichukue mapema. Ukimpenda mtu usimfichie kosa lake kwa jina la upole. Mnasema mimi mkali, nasikia mnavyonong'ona. Mnasema bibi huyu hamsamehe mtu hata kosa la chumvi. Ni kweli. Nilishaona upole unavyoweza kumlaza mtu kwenye mvua, na nyinyi siwezi kuwafanyia hivyo, nawapenda mno.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, na kila unachokifunga kifungike. Akupe watu watakaokuambia ukweli wakikutazama machoni, na akupe moyo wa kutowachukia. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea tu, akujalie useme mapema, aliye mbali akikungoja awe bado mkavu.